Mkiani EPL analipwa na TV kuliko bingwa wa Italia. Mastaa ndio walioleta pesa, au pesa ndiyo iliyoleta mastaa?

#1 Kipenga
Wakuu, habari za jioni.

Msimu wa 2023/24 Sheffield United walimaliza wa 20 EPL (Ligi Kuu ya Uingereza), wamefungwa mabao 104, wakashuka. Mgao wao wa TV: pauni milioni 109.7, karibu euro milioni 128. Msimu huohuo Inter walibeba ubingwa wa Italia kwa mgao mdogo kuliko huo. PSG waliobeba Ufaransa ndiyo usiseme.

Watu wanadai EPL ina pesa kwa sababu ina mastaa. Mimi nadai kinyume chake: mastaa walifuata pesa, na pesa imenoga kwa sababu ya kanuni ya mgao. Haki za ndani zinakatwa hivi: 50% sawa kwa timu zote 20, 25% kwa nafasi kwenye msimamo, 25% kwa idadi ya mechi zako zilizooneshwa mubashara. Za nje zilikuwa zinagawanywa sawa kabisa. Tangu 2019 lile ongezeko linafuata nafasi, ila kuna dari: wa kwanza asimzidi wa mwisho kwa zaidi ya mara 1.8. City bingwa wa 2024 alichukua pauni milioni 175.9. Piga hesabu, ni mara 1.6 tu.

Ndiyo maana timu ya kumi na nne kule inamng'oa mchezaji wa timu ya nne Ujerumani. Anayebisha alete namba.

#2 Kona Bar
Nimevuta kiti. Uzi wa namba huu, mashabiki wa Arsenal hamtauweza.

#3 Mtemeke Mwekundu
#2 tunauweza vizuri. Nafasi ya pili 2023, ya pili 2024, ya pili 2025. Hizo nazo ni namba.

#4 Ngalawa Saba
Mleta mada, kichwa chako kinapotosha kidogo. Italia sawa, Ufaransa sawa, Ujerumani pia. Hispania hapana: msimu huohuo Real Madrid na Barcelona kila mmoja alivuka euro milioni 150 za La Liga. Wakubwa wale wawili peke yao Ulaya bara ndio wanaosimama juu ya mkia wa EPL. Wa tatu kushuka chini, kwisha habari.

Na hapo ndipo hoja yako inapopata mguu. Mpaka 2015 kila klabu Hispania ilikuwa inauza haki zake yenyewe. Real na Barca walikuwa wanavuna karibu milioni 140 kila mmoja, wadogo chini ya 20. Zaidi ya mara saba! Serikali ikaingilia kwa amri ya kifalme namba 5 ya 2015, haki zikauzwa kwa pamoja: 90% daraja la kwanza, 10% la pili. Ya daraja la kwanza nusu inagawanywa sawa, robo kwa matokeo ya misimu mitano, robo kwa ukubwa wa klabu, yaani viingilio na watazamaji wa TV. Pengo likashuka, lakini Wahispania walianza kugawana vizuri zaidi ya miaka ishirini baada ya Waingereza.

#5 Bi Mizania
Mgao ni nusu ya habari. Kugawana sawa kitu kidogo ni kugawana umaskini. Swali ni kwa nini kapu la EPL ni kubwa.

Jibu liko nje ya Uingereza. Kuanzia mzunguko wa 2022 hadi 2025 haki za nje zilizidi za ndani. Kwa ndani mkataba wa 2025 hadi 2029 ni pauni bilioni 6.7 kwa miaka minne, Sky na TNT, na wanaonesha hadi mechi 270 kwa msimu. Zipo 380. Mechi za Jumamosi saa 9 alasiri za kwao ni marufuku kuoneshwa mubashara ndani ya nchi ili watu wasiache kwenda viwanjani. Hizohizo sisi tunaziangalia kibanda umiza saa 11 au saa 12 jioni, kutegemea wamesogeza saa zao au la. Mtu wa Manzese anaiona mechi ambayo mtu wa Manchester haruhusiwi kuiona sebuleni kwake.

#6 Mswahili wa Likoni
#5 umenena. Ongeza lugha. Mahojiano ya kocha, magazeti, utani wa mitandaoni, vyote Kiingereza, na robo ya dunia iliyotawaliwa na Mwingereza ilikuwa imeshaandaliwa kitambo. Mjerumani anauza bidhaa nzuri ila lazima kwanza akutafsirie.

#7 Kipenga
#6 Hispania nayo imetawala sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini na Mexico juu. Mbona kapu lao ni dogo?

#8 Mswahili wa Likoni
#7 kwa sababu miaka yote ile walikuwa wanauza timu mbili, hawakuuza ligi.

#9 Namba Kumi
Naomba nipinge uzi mzima.

Kama mgao wa haki unaleta ushindani, mbona City alibeba ubingwa mara sita katika misimu saba, 2018 hadi 2024, na minne ya mwisho mfululizo, kitu ambacho Uingereza hakuna aliyewahi kukifanya? Upande wa pili Serie A inayodharauliwa kwa njaa: Juventus 2020, Inter 2021, Milan 2022, Napoli 2023, Inter 2024, Napoli 2025. Mabingwa wanne ndani ya misimu sita, kwa kapu la TV la ndani la euro milioni 900 kwa mwaka.

Pesa za EPL zimeifanya timu ya 15 kuwa ngumu. Hazijaifanya mbio ya ubingwa kuwa wazi. Hayo ni mambo mawili, msiyachanganye.

#10 Kona Bar
#9 kapiga chuma.

#11 Ngalawa Saba
#9 Italia imefunguka kwa sababu Juve ilianguka. Kabla ya hapo ilibeba tisa mfululizo, 2012 hadi 2020. Ukichagua mwaka wa kuanzia kuhesabu unaweza kuthibitisha chochote.

Halafu usisahau kodi. Italia mwaka 2019 walitoa nafuu kwa wanaohamia nchini kufanya kazi, kwa wanasoka nusu ya kipato haitozwi. Mishahara Italia watu wanaitaja ile inayobaki mkononi. Mchezaji anataka euro milioni 5 mkononi: bila nafuu klabu inatoa karibu 9, kwa nafuu inatoa karibu 6.5. Milioni mbili na nusu kwa kichwa, zidisha kwa wageni wanane. Nafuu ilifutwa mwisho wa 2023 kwa mikataba mipya. Hapo utaona kwa nini sasa wanatafuta wachezaji wa mkopo na waliomaliza mikataba.

#12 Mzee wa Bavaria
Wajerumani tunasemwa hapa bila wakili, ngoja niwe wakili.

Sheria ya 50+1 ya tangu 1998: chama cha wanachama lazima kishike zaidi ya nusu ya kura katika kampuni ya timu. Mwekezaji anaweza kuweka pesa zote atakazo, hawezi kuamua. Leverkusen ya Bayer na Wolfsburg ya Volkswagen walipewa msamaha kwa sababu ya historia. Leipzig wamepita uchochoroni: wanachama wenye kura ni wachache wa kuhesabika, na wengi wana uhusiano na kampuni mama, Red Bull.

Watu wanailaumu 50+1 kwa Bayern kubeba 11 mfululizo, 2013 hadi 2023. Mimi naona mtuhumiwa ni mwingine. Bayern hakutajirishwa na tajiri yeyote. Adidas, Audi na Allianz kila mmoja ana takriban 8.33%, basi. Kilichomtenga ni pesa za Ulaya zinazoingia kila mwaka bila kukosa, juu ya biashara yake iliyokuwa kubwa tayari. Wengine wanaingia msimu mmoja, wanatoka miwili.

#13 Mtemeke Mwekundu
#12 na wakiibuka mnawaua wenyewe. Leverkusen 2024 kabeba ubingwa bila kufungwa hata mechi moja ya ligi. 2025 kocha kaenda Real Madrid, Wirtz kaenda Liverpool kwa pauni milioni 100 na nyongeza, na Granit Xhaka, moyo wa kiungo, kaenda Sunderland. Sunderland, wakuu! Timu iliyotoka kupanda daraja mwezi Mei. Kiangazi hichohicho Ekitike katoka Frankfurt, Šeško katoka Leipzig, Woltemade katoka Stuttgart, wote EPL.

#14 Mzee wa Bavaria
#13 huyo Xhaka nimemlilia. Lakini Frankfurt hawalii. Ndiyo biashara yao: nunua kwa bei ya soko la Kariakoo, uza kwa bei ya Oxford Street. Shida ni kwamba ligi nzima imegeuka duka.

#15 Bi Mizania
Sasa tuingie kwenye vitabu, maana naona watu wanasema "kanunua kwa milioni mia" kana kwamba milioni mia zinaandikwa hasara siku ileile.

Ada ya usajili inagawanywa kwa miaka ya mkataba. Enzo Fernández, Januari 2023, Chelsea, pauni milioni 106.8, mkataba wa miaka 8 na nusu. Kwa mwaka: 106.8 ÷ 8.5 = karibu 12.6. Angepewa mkataba wa miaka mitano ingekuwa 21.4 kwa mwaka. Chelsea wakaokoa karibu milioni 9 kwa mwaka kwenye vitabu kwa mchezaji mmoja, wakafanya hivyo kwa kundi zima. UEFA wakaweka kikomo cha miaka mitano tangu Julai 2023, EPL wakafuata kwa kura Desemba mwaka huo. Mkataba waweza kuwa mrefu, lakini ada utaigawanya kwa mitano tu. Waliosajiliwa kabla hawakuguswa.

Upande wa kuuza ni kinyume: faida yote inaandikwa mara moja. Umenunua mtu kwa 50, mkataba miaka mitano. Baada ya mitatu thamani yake kitabuni ni 20. Ukimuuza 35, umepata faida ya 15 leo hii, ingawa mfukoni umepoteza 15.

Mchezaji wa akademi je? Kitabuni ni sifuri. Ukimuuza 35, zote 35 ni faida. Kanuni ya kikomo cha hasara, iliyotungwa kulinda klabu, inakulipa ukimuuza mtoto uliyemlea.

#16 Namba Kumi
#15 ndiyo ile vurugu ya Juni 2024. Mwaka wa hesabu wa klabu nyingi unafungwa Juni 30. Wiki ya mwisho: Chelsea wanamuuza Maatsen kwa Villa 37.5, Villa wanamuuza Kellyman kwa Chelsea 19, Villa wanampeleka Iroegbunam Everton, Everton wanampeleka Dobbin Villa. Newcastle wakamtoa Elliot Anderson kwenda Forest na Minteh kwenda Brighton. Karibu wote vijana, na karibu wote dakika za mwisho. Kila klabu ikaandika mapato yake yote mwaka huo na gharama ikaisambaza miaka mitano mbele.

#17 Kona Bar
Kwa hiyo watu wawili wanabadilishana mbuzi, kila mmoja anatangaza kauza mbuzi?

#18 Bi Mizania
#17 na kila mmoja anatangaza bei aliyoitaka mwenyewe.

#19 Mswahili wa Likoni
Hiyo kanuni ya hasara ndiyo iliyowanyonga Everton, pointi 10.

#20 Ngalawa Saba
#19 kumi zilikuwa Novemba 2023. Rufaa ikazishusha hadi 6 mwezi Februari 2024, kisha Aprili wakakatwa 2 nyingine kwa kipindi kilichofuata. Jumla 8 ndani ya msimu mmoja, na bado hawakushuka.

Utaratibu: hasara isizidi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu, yaani 35 kwa kila msimu wa EPL. Msimu uliokuwa Championship, daraja la pili, unahesabiwa 13. Matumizi ya akademi, timu ya wanawake, viwanja na jamii hayahesabiwi. Everton walifika 124.5, wakazidi kwa 19.5. Nottingham Forest walikuwa na misimu miwili ya chini na mmoja wa juu: 13 + 13 + 35 = 61. Wakazidi kwa 34.5, wakakatwa 4.

Cha kuuma kwa Forest ni tarehe. Brennan Johnson waliuzwa kwake na Tottenham Septemba 1, 2023 kwa 47.5. Wangemuuza kwa bei hiyo kabla ya Juni 30 wasingekatwa kitu. Walijitetea kwamba kusubiri kulileta bei nzuri zaidi, na ni kweli ilileta. Tume haikujali.

#21 Kipenga
#20 "Brennan Johnson waliuzwa kwake" ndiyo Kiswahili cha wapi hicho?

#22 Ngalawa Saba
#21 cha mtu anayechapa kwenye daladala. Tottenham walimnunua. Endelea na uzi wako.

#23 Mtu wa Kaskazini
Mnazunguka. Kanuni zote hizi zinamlinda mkubwa. Sikiliza inayokuja: EPL wamepiga kura Novemba 2025, kuanzia 2026/27 ile ya hasara inaondoka, inakuja ya gharama za kikosi. Unachukua mishahara ya wachezaji na kocha mkuu, unaongeza gharama ya ada kwa mwaka huo, unaongeza malipo ya mawakala. Jumla isizidi 85% ya mapato pamoja na faida ya mauzo ya wachezaji. UEFA wana yao hivyohivyo: walianza 90%, wakashuka 80%, na tangu 2025/26 ni 70%.

Weka namba. Klabu ya mapato 200 na faida ya mauzo 20 ina msingi wa 220. Kwa EPL inaruhusiwa 187. Ikibahatika kuingia Ulaya inatakiwa 154. Ina maana mafanikio yenyewe yanakulazimisha kupunguza 33 au kuuza mtu. Klabu ya mapato 700 kwa 70% inatumia 490. Mdogo hata tajiri wake akiwa na visima vya mafuta hawezi kufika hapo, kwa sababu kipimo ni mapato, si mfuko.

Newcastle walinunuliwa na mfuko wa Saudia Oktoba 2021. Matajiri kuliko wote duniani, na 2025 wamemuuza Isak kwa Liverpool pauni milioni 125.

#24 Namba Kumi
#23 Isak aligoma kucheza, usiifanye habari ya vitabu tu. Na ukiacha mlango wazi unapata City na PSG wa pili. Sponsa wa uwongo anaandika hundi, mapato yanapanda, kikomo kinapanda nacho. Ndiyo maana udhamini unaotoka kwa kampuni zenye uhusiano na mmiliki lazima upimwe kama unalingana na bei ya soko.

Halafu angalia Chelsea. Hoteli mbili waliziuza kwa kampuni dada kwa pauni milioni 76.5, timu ya wanawake nayo ikauzwa ndani ya nyumba hiyohiyo. EPL ikahesabu. UEFA hawakuhesabu, na Julai 2025 wakawapiga faini ya euro milioni 31 bila masharti, na nyingine juu kama hawatanyooka.

#25 Mtu wa Kaskazini
#24 faini ya 31 kwa klabu ile ni nauli.

#26 Bi Mizania
Aliyeshika breki kweli ni Hispania. Wao hawasubiri hasara itokee. Kila klabu inapewa kikomo cha gharama za kikosi kabla ya msimu, na ukizidi mchezaji hasajiliwi, mfumo unagoma. Ndiyo iliyomtoa Messi Agosti 2021: waliozidi kikomo waliruhusiwa kutumia euro moja kwa kila nne walizookoa. Hata alipokubali nusu mshahara hesabu haikufunga. Mwaka uliofuata Barca wakauza 25% ya mapato yao ya TV ya ligi kwa miaka 25 ili wasajili. Wamekula mbegu.

Kisafi, ila matokeo yake ni kwamba klabu ya kati Hispania haiwezi kushindana na Bournemouth kwa mshahara. Nidhamu ya nchi moja ni punguzo kwa jirani.

#27 Mama Offside
Mnaongea waliosalimika. Njooni Ufaransa muone jinsi ligi inavyokufa kwa mkataba mmoja mnono.

2018 waliuza haki za 2020 hadi 2024 kwa zaidi ya euro bilioni 1.1 kwa mwaka, sehemu kubwa kwa Mediapro, kampuni isiyokuwa na chaneli Ufaransa. Klabu zikasaini mishahara kwa pesa ambayo haijaingia. Agosti 2020 Mediapro wakalipa awamu ya kwanza, Oktoba wakagoma, Desemba mkataba ukavunjwa. Amazon wakaja kuokota mechi nane kati ya kumi kwa takriban milioni 250 kwa mwaka. 2022 ligi ikauza 13% ya kampuni yake ya biashara kwa kampuni ya uwekezaji CVC kwa bilioni 1.5, na hakuna tarehe ya kurudisha. PSG peke yao wakachukua 200 za hizo. 2024 wakaja DAZN, milioni 400 kwa mwaka, wakaondoka baada ya msimu mmoja. Agosti 2025 ligi ikaanzisha chaneli yake, Ligue 1+, euro 14.99 kwa mwezi.

Kosa si bei ndogo. Kosa ni kumpa haki mtu asiye na dhamana ya benki, kisha kutumia kabla ya kupokea. Bordeaux, mabingwa mara sita, 2024 waliacha hadhi ya kulipwa na kuangukia daraja la nne.

#28 Kipenga
#27 lakini Ufaransa hiyohiyo imetoa bingwa wa Ulaya 2025, 5–0 fainali. Ligi maskini, bingwa wa Ulaya.

#29 Mama Offside
#28 PSG haishi kwa ligi, ndiyo maana. Tangu Qatar wainunue 2011, hadi 2025 wamebeba 11 kati ya 13 za mwisho. Monaco 2017 na Lille 2021 ndio waliopenya. Ligi ikianguka PSG wanapungukiwa kidogo, wenzao wanapungukiwa chakula. Kuanguka kwa TV kumeongeza pengo. Wewe ulisema mgao wa haki huleta ushindani. Hapa hata mgao ungekuwa sawasawa, hakuna cha kugawa.

#30 Mtu wa Kaskazini
Ligi Kuu tano mmezimaliza. Twendeni pembeni, huko ndiko pesa inaua kabisa.

Ligi ya Mabingwa mfumo mpya tangu 2024/25: timu 36, mechi nane. Kapu ni euro bilioni 2.467. Kuingia tu ni milioni 18.62, ushindi 2.1, sare 0.7, halafu juu yake kuna pesa za nafasi na za thamani ya soko. Slovan Bratislava msimu ule walipoteza mechi zote nane. Zote! Wakaondoka na hizo 18.62 na ziada. Wakarudi Slovakia kucheza na timu ambazo hazijawahi kuona pesa hizo, wakabeba ubingwa wa saba mfululizo. Ludogorets Bulgaria 14 mfululizo, 2012 hadi 2025. Salzburg kumi, mpaka Sturm Graz walipoukata 2024.

UEFA wanatenga 7% kwa klabu zisizoshiriki. Ukiigawanya Ulaya nzima ni pesa ya maji.

#31 Mzee wa Bavaria
#30 Bodø/Glimt je? Mji wa watu elfu hamsini na kitu juu ya mstari wa aktiki, nusu fainali ya Europa 2025.

#32 Mtu wa Kaskazini
#31 na sasa wamechukua za Ulaya misimu kadhaa, subiri uone kama Norway itapata bingwa mwingine kirahisi. Mchawi wa leo ndiye sultani wa kesho.

#33 Namba Kumi
Mmesahau ngazi ya chini ya EPL yenyewe. Anayeshuka anapewa pesa za kutuliza maumivu: 55% ya ule mgao wa sawa mwaka wa kwanza, 45% wa pili, 20% wa tatu kama alikaa juu zaidi ya msimu mmoja. Akifika Championship anakuta wenzake hawana hata robo ya hiyo. 2023/24 waliopanda watatu walishuka wote: Luton, Burnley, Sheffield. 2024/25 tena wote: Leicester, Ipswich, Southampton. Lifti inapanda na kushuka na watu walewale.

#34 Ngalawa Saba
#33 watu walewale? Luton walipanda bila hizo pesa. Ipswich bila. Sunderland 2025 bila. Hoja ya pili: ukiziondoa, klabu inayopanda haitathubutu kusaini mtu kwa mshahara wa EPL, maana ikishuka inafilisika. Ndiyo bima.

#35 Namba Kumi
#34 bima inayolipwa na jirani aliyeunguliwa nyumba.

#36 Kona Bar
Mada imekuwa nzito. Nani anakumbuka SportPesa kifuani kwa Everton? Pesa ya mikeka ya Nairobi na Dar inalipa mishahara Liverpool.

#37 Mswahili wa Likoni
#36 2017 hadi 2020. Julai 2017 wakaja Dar kucheza na Gor Mahia Uwanja wa Taifa, Rooney akapiga lile la mbali, 2–1. EPL wenyewe wamekubaliana kutoa kamari kifuani mwisho wa 2025/26, mkononi itabaki.

#38 Mtemeke Mwekundu
Kwetu Arsenal mkononi kulikuwa na tangazo la utalii la Rwanda tangu 2018. Mkataba ni wa mpaka Juni 2026.

#39 Mlingala Mstaarabu
#38 mmeanza. Kongo iliziandikia Arsenal, Bayern na PSG mapema 2025 ikitaka ziachane na Rwanda, na mwaka huohuo yenyewe ikasaini na Monaco, Milan na Barcelona. Bayern wakabadilisha wa kwao ukawa wa akademi. PSG wakaongeza mpaka 2028. Serikali zetu nazo zimo kwenye hayo mapato mnayopigia 70%.

#40 Mama Offside
Badala ya kubishana mikono ya jezi, kuna pesa ya Ulaya inayotakiwa kurudi huku na inapotea. Kila mchezaji akihama kimataifa kwa ada kabla mkataba haujaisha, 5% inakatwa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: 0.25% kwa kila msimu wa 12 hadi 15, 0.5% kwa kila msimu wa 16 hadi 23. Ada ya euro milioni 10, klabu ya mtaani iliyokaa naye misimu ya 16 na 17 ina 1%, yaani euro 100,000. Na si mara moja, ni kila akiuzwa. Samatta kapita Mazembe, Genk, Villa, Fenerbahçe.

#41 Kipenga
#40 inadaiwaje? Klabu nyingi huku hazina hata barua pepe.

#42 Mama Offside
#41 tangu Novemba 2022 hesabu inafanywa na taasisi ya FIFA iliyoko Paris, haisubiri klabu idai kama zamani. Mfumo unavuta historia ya usajili kutoka kwa chama cha kila nchi, unatengeneza pasipoti ya mchezaji, vyama na klabu vinapewa siku 10 kuikagua. Panapoharibika ni hapa:

Moja, mtoto alicheza misimu mitatu bila kusajiliwa kwenye mfumo wa chama. Kwa FIFA hakuwepo. Leseni ya karatasi iliyoko kabatini haisomeki Paris.

Mbili, jina au tarehe ya kuzaliwa tofauti na ya pasipoti ya kusafiria, mfumo unamwona ni mtu mwingine. Wale waliopunguza umri wanajinyima wenyewe hapa.

Tatu, klabu imetambuliwa, kisha inashindwa ukaguzi: akaunti ya benki ni ya mwenyekiti na si ya klabu, au haina hati ya usajili. Pesa inasimama.

#43 Mlingala Mstaarabu
#42 na uhamisho wa ndani je? Mfano Mkongo anatoka Genk anakwenda Brugge, wote Ubelgiji.

#44 Mama Offside
#43 tangu Julai 2020 inahesabiwa, mradi mmoja wa walezi wake yuko chini ya chama cha nchi nyingine. Kabla ya hapo ilikuwa imekwenda hiyo.